UZI: Malengo ya wiki kwa mtoto wa Gredi 7 hadi 9. Niliacha "kumaliza sura", nikaanza "Ijumaa nitaweza"

FundiWaKaptembwa (Nakuru), Jumamosi usiku

Wazazi wenzangu, na walimu mlio humu, hamjambo. Nimezoea kusoma nyuzi zenu kimya kimya. Leo nimeona niandike, maana jambo hili limenihangaisha mwaka mzima na sasa nina kitu cha kuwaonyesha.

Binti yangu yuko Gredi ya 8, shule ya umma hapa Nakuru. Alipoingia Gredi ya 7 nilimbandikia ukutani karatasi ya malengo ya kila wiki. Hesabu: kumaliza sura ya tatu. Kiswahili: kurasa 40 hadi 52. Sayansi: kusoma maelezo yote ya wiki. Kila Ijumaa anatia tiki, nami nafurahi. Karatasi ikajaa tiki kutoka juu hadi chini. Kisha ripoti ikaja. Hesabu, kukaribia matarajio, yaani bado hajafikia kiwango. Sayansi Jumuishi, kukaribia matarajio. Nilidhani mwalimu amekosea.

Jumamosi moja baada ya ripoti, mteja aliniagiza gauni 12 za watoto wa chekechea. Kila gauni hula mita 1.75. Kitambaa ni shilingi 280 kwa mita, na mwenye duka alikuwa ameniahidi nikichukua zaidi ya mita 20 ananipunguzia asilimia 15. Nikamwambia binti, hebu nipigie hesabu niende dukani na pesa kamili. Akakimbia kuleta kitabu. Akafungua sura ya asilimia palepale, hata hakutafuta ukurasa, akanionyesha mfano wa kwanza, mfano wa pili, na zoezi lake lote limesahihishwa kwa wino mwekundu. Lakini zile gauni 12 zikamshinda. Akazidisha 12 kwa 280. Akafuta. Akagawanya kwa 15. Akafuta tena mpaka karatasi ikatoboka. Nilipoona machozi yanamlengalenga nikaikunjua tepu yangu mezani, nikamwambia tupime gauni moja tu kwanza. Tukapima. Kisha mbili. Kisha akaenda mwenyewe hadi mita 21. Shilingi 5,880. Asilimia 15 yake ni 882. Nilipe 4,998. Ilituchukua karibu saa nzima, na chai ikapoa.

Usiku huo niliibandua ile karatasi ya ukutani. Sura alikuwa ameimaliza kweli, tiki hazikudanganya. Mimi ndiye niliyeandika lengo lisilofaa. Nilimwambia apite kwenye kurasa, naye akapita.

Tangu hapo kila lengo la wiki linaanza kwa maneno mawili: "Ijumaa nitaweza." Baada ya hapo linafuata tendo ambalo mtu mwingine anaweza kuliona kwa macho au kulisikia kwa masikio, kitabu kikiwa kimefungwa, kwa muda usiozidi dakika tano. Analiandika yeye, kwa mkono wake. Mimi nilifika Fomu ya 2 tu, na mambo mengi anayosoma sijayasoma. Kwa hiyo nikaongeza sharti moja, na hili ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote: lengo liwe ni lile ambalo hata mzazi asiyejua somo lenyewe anaweza kulikagua.

Wiki iliyopita aliandika hivi. Hesabu: Ijumaa nitaweza kupata bei mpya ya kitu chochote dukani kikipunguzwa kwa asilimia yoyote ambayo mama atataja. Kiingereza: Ijumaa nitaweza kusimulia upya hadithi tuliyosoma darasani kwa dakika mbili bila kusoma popote. Kiswahili: Ijumaa nitaweza kutunga sentensi kumi za mdomo kwa ngeli ya LI-YA, umoja na wingi. Sayansi: Ijumaa nitaweza kuchora seli ya mmea na seli ya mnyama, na kuonyesha vitu vitatu ambavyo mmea unavyo na mnyama hana.

Hayo manne ndiyo ya kila wiki. Masomo yote ni tisa tangu yalipopunguzwa mwaka 2024, na yaliyobaki matano, yaani Elimu ya Jamii, Elimu ya Dini, Kilimo na Lishe, somo la maandalizi ya ufundi, na Sanaa Bunifu na Michezo, tunayazungusha: mawili wiki hii, mawili wiki ijayo. Nilijaribu kuweka yote tisa kwa wiki moja na mtoto akawa analala saa tano usiku. Niliacha.

Naomba mnikosoe. Mnafanyaje kwenu?

---

MwalimuWaHesabu_Bungoma, Jumapili asubuhi

Fundi, asante sana. Nafundisha Hesabu na Sayansi Jumuishi Gredi ya 7 hadi ya 9, nimesoma andiko lako mara mbili. Mambo mawili ya kuongeza na moja la kurekebisha.

La kwanza, usimwache mtoto abuni lengo kutoka kichwani. Kila mada ndogo kwenye mtaala ina matokeo yanayotarajiwa, na mengi yameandikwa kwa vitenzi: kutambua, kukokotoa, kulinganisha, kueleza. Miundo hiyo ya mtaala KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, imeiweka kwenye tovuti yake na kupakua ni bure. Mwishoni mwa kila mada kuna rubriki, yaani jedwali la viwango, inayoonyesha kuzidisha matarajio ni nini, kufikia ni nini, kukaribia ni nini. Mzazi akisoma ukurasa huo mmoja tu, anajua mwalimu anatafuta nini. Kuna pia maazimio ya kazi ya mwalimu, yanayoonyesha wiki ya tano tutakuwa mada gani. Mimi mzazi akiniomba nampa apige picha. Mwalimu mwenye kazi yake mkononi hatakatalia hilo.

La pili, mifano ya kwenu nyumbani ni dhahabu. Nina mwanafunzi mmoja ambaye uwiano ulikuwa umemkataa kabisa. Babake ni fundi mwashi. Nikamuuliza, zege la nguzo baba huchanganya vipi? Akajibu bila kufikiri: saruji debe moja, mchanga mawili, kokoto manne. Nikamwambia, basi nataka zege la madebe 28 makavu, niletee ngapi ya kila kitu? Akahesabu vidole, moja na mbili na nne ni saba, saba inaingia 28 mara nne. Manne, manane, kumi na sita. Alicheka peke yake. Wiki hiyo lengo lake lilikuwa "Ijumaa nitaweza kugawa kitu chochote kwa uwiano wa sehemu tatu", na babake ndiye aliyemkagua, pale kwenye ujenzi.

Rekebisho ni hili. Ijumaa ni mapema mno kuwa ndiyo siku ya mwisho. Mtoto amefundishwa Jumatano, Ijumaa bado iko moto kichwani. Kuna Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kuhesabu ni ngapi zinabaki. Alichapisha matokeo yake mwaka 1885. Aliona kwamba sehemu kubwa hupotea siku ya kwanza tu, kisha kupotea kunapungua kasi, na kwamba ukirudia kujifunza kilichopotea unatumia muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Kwa hiyo Ijumaa muulize lengo la wiki hii, halafu umrudishie moja la wiki mbili zilizopita bila kumwonya. Hilo la zamani ndilo litakalokuambia ukweli.

---

BabaMapacha_Nyalenda (Kisumu), Jumapili mchana

Nawaheshimu nyote, lakini naomba niseme yaliyo moyoni. Mimi ni mtu wa boda. Natoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi watu wa soko la Kibuye, narudi saa tatu usiku, na siku ya soko la Jumapili ndiyo siku yangu ya pesa. Mama yao anauza omena na Ijumaa ndiyo siku yake ndefu kuliko zote. Pacha wangu wako Gredi ya 7. Nani ataketi awasikilize dakika tano mara masomo manne mara watoto wawili? Malengo haya yanaonekana ya nyumba ambayo mzazi anashinda nyumbani.

Halafu kitabu ni kimoja kwa wote wawili. Siwalaumu, nauliza tu.

---

FundiWaKaptembwa

Baba Mapacha, umeuliza jambo la kweli na sitalipuuza. Mimi cherehani yangu iko sebuleni, hiyo ni nafuu ambayo wewe huna.

Lakini una kitu ambacho mimi sina: una wawili. Mmoja awe mwalimu wa mwenzake. Mwambie huyu aandike malengo ya Hesabu na Kiingereza, yule ya Kiswahili na Sayansi, kisha Ijumaa jioni kila mmoja amfundishe mwenzake kitabu kikiwa kimefungwa. Kitabu kimoja hapo kinatosha. Na kama mama yao ana simu, wajirekodi sauti. Dada yangu wa Gilgil anafanya kazi kwenye shamba la maua na zamu zake hazina mpango. Mwanawe anamtumia sauti ya dakika mbili kwa WhatsApp, naye anaisikiliza akienda kazini. Anasema anajua akisikia mtoto anababaika, hata kama hajui kinachoelezwa.

Jumapili usiku ukirudi, muulize mmoja swali moja tu. Moja linatosha.

---

BabaMapacha_Nyalenda

Hiyo ya kufundishana sikuwa nimeifikiria. Nitajaribu.

---

NyanyaWaLurambi (Kakamega), Jumapili jioni

Mjukuu ndiye anayechapa, mimi nasema.

Mimi niliacha shule darasa la nne. Kiingereza chao sikijui. Mjukuu huyu nimelea tangu akiwa na miaka mitatu, sasa yuko Gredi ya 8. Nimesikia mama wa Nakuru akisema lengo liwe lile ambalo asiyejua anaweza kulikagua. Mimi nafanya hivyo bila karatasi. Ninamwambia: nieleze mpaka nielewe. Nikielewa, umejua. Nisipoelewa, rudi kwa mwalimu.

Majuzi alikuja na presha, ile ya sayansi. Akaniambia, nyanya, nguvu ile ile ukiisukuma mahali padogo inauma zaidi kuliko mahali papana. Akachukua kisu, akakata ndizi kwa makali, kisha akajaribu kwa upande wa nyuma, ikabonyea tu. Nikaelewa. Jembe likinolewa linaingia udongoni, likiwa butu linaruka. Nimelima miaka hamsini nikijua hivyo, sikujua kwamba ina jina.

Lakini nikamuuliza: mbona basi ng'ombe akipita kule mtoni anazama hadi magotini, na bata anapita palepale juu ya tope? Akasema ni kwa sababu ng'ombe ni mzito. Nikamwambia, mimi pia ni mzito, lakini nikiweka ubao juu ya tope sizami. Akanyamaza. Jumatatu akamuuliza mwalimu wake, akarudi akiruka: ni miguu ya bata, nyanya, ni mipana, uzito umesambaa! Na ubao ni hivyo hivyo. Sasa hilo hawezi kulisahau, maana alilitafuta mwenyewe.

(Mimi mjukuu naongeza: ni kweli, na kwenye jaribio la shule swali la presha nililipata lote.)

---

MwalimuWaHesabu_Bungoma

Nyanya, shikamoo. Swali lako la bata nitalitumia darasani kesho, kwa ruhusa yako.

---

NyanyaWaLurambi

Marahaba mwanangu. Litumie.

---

Mwl_Lugha_Kondele (Kisumu), Jumatatu

Naomba nizungumzie lugha, kwa sababu naona mnazipitia haraka na huko ndiko malengo ya wiki huharibika zaidi. Hesabu ina jibu. Sayansi ina mchoro. Lugha mzazi anaandika "asome zaidi" na hapo basi. "Asome zaidi" si lengo, ni dua.

Nafundisha Kiswahili, vipindi vinne kwa wiki, na Kiingereza darasa moja, vipindi vitano. Kila kipindi ni dakika 40. Kati ya hizo, mwanafunzi mmoja katika darasa la watu sitini anazungumza kwa sauti yake dakika ngapi? Chache sana, na wengine hawazungumzi kabisa. Ndiyo maana lengo la lugha nyumbani liwe la mdomo kwanza.

Fundi, ngeli ya LI-YA kwa sentensi kumi ni lengo zuri, lakini nakushauri ulishushe hadi kosa moja linalomsumbua mtoto. Watoto wetu, wa mjini hasa, wana kosa moja linalotawala midomo yote: "hii kitu", "hiyo kitu", "ile mtu". Kila nomino imetupwa kwenye ngeli moja. Mtoto anaweza kukuandikia jedwali la ngeli zote kwa usahihi, akatoka nje akasema "leta hiyo kisu". Basi wiki moja lengo liwe hili tu: "Ijumaa nitaweza kuomba vitu kumi vya jikoni kwa mama bila kukosea." Kisu hicho. Sufuria hiyo. Kijiko hiki. Jiko lile. Mwiko ule. Maji yale. Mama anampa kitu pale tu anapokitaja sawasawa. Nimeona hili likifanya kazi kuliko zoezi lolote la kitabu, na mtoto anacheka anapojirekebisha.

Insha nayo. Msimpe mtoto lengo la kuandika insha nzima kila wiki, ataiandika vibaya na haraka ili aimalize. Mpe aya moja. Aya ya kwanza tu, ya insha ya masimulizi, mistari sita. Aiandike Jumatatu, aiandike tena Jumatano baada ya kuisoma kwa sauti, aiandike mara ya mwisho Alhamisi. Wiki inayofuata aya ya pili. Baada ya wiki nne ana insha ambayo kila neno lake amelipima. Nilianza hivi muhula uliopita na darasa la Gredi ya 9, na mabadiliko niliyaona kwenye viunganishi kwanza. Waliacha kuanza kila sentensi kwa "halafu".

Kwa ufahamu, gazeti la Taifa Leo hata la juzi, hata lile lililofungiwa mandazi, linatosha. Asome habari moja fupi, alikunje, aeleze nani alifanya nini, wapi, na kwa nini. Hilo la "kwa nini" ndilo wanaloshindwa. Kiingereza vivyo hivyo: asome kurasa mbili, afunge, aandike muhtasari wa maneno 60. Yakifika 80, apunguze. Katika kule kupunguza ndiko anakojifunza, kwa sababu lazima aamue kipi ni cha maana.

Na tafadhali, lugha ya nyumbani isifukuzwe. Nyanya wa Lurambi amesema jambo ambalo walimu tunapaswa kulisikia. Mtoto anayeweza kueleza kitu kwa lugha mbili amekishika kwa mikono miwili.

---

GrediTisa_Bahati (Nakuru), Jumatatu usiku

Nimeingia kwa simu ya kaka yangu. Mimi ni mwanafunzi, samahani kama huu ni uzi wa wazazi.

Nyumbani kwetu tunafanya malengo ya wiki, lakini babangu ananiuliza akiwa amesimama na sauti ya juu. Nikijua kitu ninakisahau. Juzi lengo langu la Elimu ya Jamii lilikuwa kueleza jinsi Bonde la Ufa lilivyotokea. Nilikuwa nimekaa kwenye ukuta wa nyumbani, kreta ya volkano ya Menengai iko pale mbele yangu, nikamweleza rafiki yangu yote, miamba ikivutwa pande mbili mpaka ikapasuka na katikati ikashuka, hata nikamchorea kwa kijiti mchangani. Baba alipoulizia jioni, neno halikutoka. Akaniandikia "hajaweza". Nililia.

Ningeomba wazazi mtusikilize mkiwa mmekaa.

---

FundiWaKaptembwa

Mwanangu, huu ni uzi wako kuliko wetu. Usiombe samahani. Nimemsomea binti yangu ujumbe wako, akaniangalia, hakusema kitu. Nikajua na mimi nimewahi kusimama.

Mwonyeshe babako mchoro wako. Uchore tena, kwa kijiti hicho hicho, mwite nje aje auone. Hapo hatakuwa anakuuliza, utakuwa unamwonyesha.

---

MamaWaWatatu_Luanda (Vihiga), Jumanne

Swali la haraka kwa walimu. Lengo likishindikana Ijumaa tunafanya nini? Tunasonga mbele au tunarudia? Wangu wa Gredi ya 7 amerudia lengo la sehemu, zile za nusu na robo, wiki tatu sasa na darasa limeshavuka. Pia, kweli Gredi ya 7 inahesabiwa mtihani wa mwisho, au mwalimu alitutisha tu?

---

MwalimuWaHesabu_Bungoma

Mama, nianze na la pili. Inahesabiwa. Kupangiwa nafasi Gredi ya 10 kunaangalia mambo matatu: mtihani wa KJSEA wa mwisho wa Gredi ya 9 ni asilimia 60, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 ni asilimia 20, na ule mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6 ni asilimia 20. Kundi la kwanza la mtaala huu lilifanya KJSEA mwaka 2025, likaingia Gredi ya 10 Januari 2026. Kwa hiyo mtoto wako anapofika Gredi ya 9 tayari asilimia 40 iko kapuni. Sisemi hivi umtie hofu. Nasema kwa sababu wazazi wengi huanza kukaza kamba muhula wa tatu wa Gredi ya 9, na muhula huo una wiki tisa tu.

La kushindikana. Mimi nafuata hivi: likishindikana mara ya kwanza, lirudie wiki inayofuata lakini ulikate nusu. Kama lilikuwa "kujumlisha na kutoa sehemu zenye asili tofauti", liwe "kujumlisha" pekee. Likishindikana mara ya pili, usirudie mara ya tatu nyumbani. Hapo tatizo haliko kwenye lengo, liko chini yake, kwenye kitu alichokosa zamani. Kwa sehemu, mara nyingi ni jedwali la kuzidisha. Mwulize saba mara nane. Akisita, umepata mzizi. Wiki mbili za jedwali, dakika kumi kila siku, bila sehemu yoyote, kisha mrudi. Na uje shuleni uniambie mimi au mwalimu wake, maana darasani hatuwezi kumwona kila mmoja. Mimi nina masomo mawili na madarasa sita. Mzazi akinijia na kusema "mwanangu amekwama hapa hasa, kwenye kitu hiki", ananipa kazi ninayoweza kuifanya kwa dakika kumi za mapumziko. Akisema "mwanangu hajui Hesabu", sina pa kuanzia.

---

MamaWaWatatu_Luanda

Nimemuuliza saba mara nane sasa hivi. Amesita. Asante mwalimu.

---

BabaMapacha_Nyalenda, Jumamosi iliyofuata

Nimerudi kuleta habari. Jana usiku nilifika saa tatu na robo, nikakuta taa bado inawaka. Pacha wamekaa sakafuni, kitabu kimefungwa kimewekewa kikombe juu. Kurwa alikuwa anamfundisha Doto mambo ya pembetatu yenye pembe mraba, ile ya Pythagoras. Walikuwa wamechukua kamba ya kufungia mizigo ya pikipiki yangu, wakaifunga mafundo 12 yenye nafasi sawa, wakaivuta tatu huku, nne kule, tano ukingoni, wakaiweka kwenye kona ya chumba kuona kama kona imekaa pembe mraba. Haijakaa. Walitaka nije nishike ncha moja ili wahakikishe.

Nikavua kofia ya pikipiki nikaketi sakafuni nikaishika. Doto akanieleza kwa nini tatu na nne na tano, na si namba nyingine: tatu mara tatu ni tisa, nne mara nne ni kumi na sita, na tisa na kumi na sita ni ishirini na tano, yaani tano mara tano. Alipokosea Kurwa akamsahihisha, kisha wakabishana, kisha wakafungua kitabu, wakakifunga tena. Mama yao amefika na beseni lake bado kichwani, akasimama mlangoni anatutazama sote watatu chini na kamba.

Lengo la wiki ijayo wameandika wao wenyewe nyuma ya daftari: "Ijumaa tutaweza kumwonyesha mama faida yake ya omena ni asilimia ngapi." Mama yao ameshaanza kuandika anachonunua na anachouza kila siku ili wawe na namba za kweli.

---

FundiWaKaptembwa

Baba Mapacha, asante kwa kurudi. Leo binti yangu alinipigia hesabu ya kitambaa cha suruali nane nikiwa bado nafunga mlango. Kisha nikamrudishia seli ya mmea ya wiki mbili zilizopita, kama alivyoshauri mwalimu wa Bungoma. Ukuta wa seli alikumbuka, kloroplasti alikumbuka, ile vakuoli kubwa ya katikati ikamtoroka. Ameiandika tena kwenye karatasi ya wiki ijayo, juu kabisa, kwa kalamu nyekundu. Tukifika Ijumaa nitawaambia.